Mizani ya Gatini

Kila Alhamisi, baada ya taarifa ya habari,
napandisha fulana, nabana tumbo kwa vidole viwili,
nahesabu hadi kumi. Tik.
Hallgrímur anageuza uso.
Mtu aliyepasua samaki tangu utotoni,
sindano nyembamba kama unywele inamtoa jasho.

Kazi yangu ni mizani. Gati la Ísafjörður,
miaka kumi na tisa nikipima samaki wa watu wengine:
weka kreti, toa barafu, andika kinachobaki.
Siku hizi manahodha wananipima mimi kwa macho.
"Steinvör, umebaki nusu!"
Nami nacheka,
yaani, natoa ile sauti inayotakiwa.

Kilo ishirini na mbili.
Kwenye daftari langu kila kilichotoka kina safu yake,
maji, matumbo, barafu.
Hiki kingine kilichotoka nazo
sijui nikiandike wapi.

Ilianza njaa kunyamaza, nikashukuru.
Njaa ile imenisemesha tangu nina miaka tisa,
imeniamsha saa nane za usiku
nikasimame mbele ya friji kama mtu anayesali.
Kisha kahawa ikawa maji ya moto.
Kisha redio. Kisha kufuma.
Kisha mjukuu akaja na jino lake la kwanza kung'oka,
kalitia kwenye kiberiti,
nikasema "vizuri",
nikalisikia neno likianguka sakafuni.

Kumbe hamu haina vyumba.
Ukizima taa ya jikoni, nyumba nzima inaingia giza.

Jumapili moja Hallgrímur alikuwa anatafuna tufaha.
Tufaha tu.
Nilitaka kumrushia meza.
Nikaenda kukaa garini, nikalia machozi yasiyo na msiba
mpaka vioo vikafunga ukungu,
kisha nikarudi kuosha vyombo.

Fomu ya zahanati inauliza: kichefuchefu? kutapika? choo kigumu?
Natia alama.
Haiulizi kama bado naimba nikiosha vyombo.

Daktari, kijana wa Reykjavík, akaniambia kwenye simu:
"Ni Desemba, mama. Huko kwenu jua haliuvuki mlima
tangu Novemba. Nani asiyehuzunika?"
Kweli. Na hapo ndipo ninapokwama.
Nani atanipimia,
atoe giza, aandike kinachobaki?

Wala siisingizii dawa ya watu.
Magoti yangu yanapanda ngazi za ofisi bila kunung'unika.
Sukari imeshuka. Kamba za viatu nafunga mwenyewe.
Yule mwanamke wa zamani sitaki kumrudia,
mzito, mwenye pumzi ya mluzi.
Ila alikuwa na kicheko
kilichorusha shakwe kutoka paa la ghala.

Tarehe ishirini na tano Januari
jua hurudi, mawingu yakiridhia,
na mji mzima hupika chapati za maji.
Nilipika arobaini, kama mama.
Nikazipaka jamu, nikazikunja, nisitamani hata moja.
Mwanga ukashuka paa la jirani, ukaingia dirishani,
ukakaa juu ya sahani dakika sita.
Wote wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Walipoondoka nikamwambia Hallgrímur:
"Sijisikii mtu."
Hakujibu. Akaishusha kalenda ukutani,
ile ya kikosi cha uokoaji,
akanionyesha alama za penseli, ndogo kama mbegu za haradali:
Ijumaa, Jumamosi. Ijumaa, Jumamosi.
Wiki kumi na moja.
Huyu anayegeuza uso.

Tukampigia daktari, safari hii tukiwa na hesabu.
Akakaa kimya kidogo, akasema tupunguze kipimo, tuone.

Leo Alhamisi. Kalamu ya sindano iko kwenye friji, karibu na siagi.
Hallgrímur anachonga penseli.
Nimelamba jamu iliyoganda kwenye kifuniko.
Ilikuwa tamu, nadhani.
Nimelamba tena.